Mchawi Hangoji Upepo

Usiku wa pili wa Idi tulikuwa juu ya paa la nyumba ya dada yangu, mtaa wa Shela hapa Malindi. Watoto walikuwa wamejilaza kwenye mikeka, shuka jeupe limetundikwa ukutani kwa misumari minne, na projekta ya kuazima imewekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Filamu yenyewe ilikuwa ya majitu ya chuma yaliyoshuka kutoka angani na kupigana kwa saa mbili na ushei, yakibomoa majumba ya mji mmoja wa Marekani ghorofa kwa ghorofa. Ilipokwisha, mwana wa dada yangu, ambaye ndiyo kwanza ametimiza miaka 13, alinigeukia akaniuliza, "Mjomba, hapa wameandika kwamba ni filamu ya kisayansi. Ni ya kisayansi kweli, au ni majini tu waliovikwa mabati?"

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na filamu za bunilizi ya kisayansi nimezipenda tangu nilipokuwa na umri wa kijana huyo, kwa hiyo ilinipasa niwe na jibu mdomoni. Sikuwa nalo. Nilimwambia kwamba nitamjibu, nikashuka ngazi na swali lake kichwani, na siku zote tangu usiku ule sijaliacha. Haya ninayoandika ndiyo jibu lake, na naliandika hadharani kwa kuwa naamini si yeye peke yake anayeuliza.

Jibu jepesi, ambalo hata wenye maduka ya filamu hulitumia wanapopanga rafu zao, ni kwamba filamu ya kisayansi ni ile yenye vyombo vya angani, roboti, silaha za miali na mwaka ambao bado haujafika. Jibu hilo halitufikishi mbali. Maturubai na taa za rangi hutuambia kwamba mahali fulani pana harusi, lakini kinachoifanya harusi iwe harusi ni nikaha, na nikaha inaweza kufungwa chumbani bila taa hata moja. Vivyo hivyo, ziko filamu zilizojaa vyombo vya angani ambazo hazina sayansi ndani yake, na ziko nyingine ambazo hazina hata roboti mmoja na bado ni za kisayansi tangu mwanzo hadi mwisho.

Ili nijieleze vizuri, nitarudi nyuma kwa babu yangu mzaa mama, ambaye alikuwa akitusimulia hadithi za Alfu Lela Ulela barazani baada ya sala ya isha. Katika hadithi hizo mna vitu viwili vinavyoruka. Kimoja ni busati. Mtu hukaa juu yake, hutamani kuwa mji fulani, na mara yumo katika mji huo. Hakuna zaidi, wala hakuna anayeuliza zaidi. Kingine ni farasi wa mpingo. Mtu mmoja mwenye hekima alimletea mfalme wa Uajemi farasi aliyechongwa kwa mpingo, na mwana wa mfalme, kwa pupa ya ujana, akampanda na kuonyeshwa kigingi cha kumpaisha. Akakizungusha. Farasi akapaa hadi mji ukatoweka chini yake, na hapo ndipo kijana alipotambua kwamba hakuonyeshwa namna ya kushuka.

Babu alikuwa akinyamaza hapo. Alikuwa akichukua kikombe chake cha kahawa, anywe taratibu, na sisi tukibaki juu hewani pamoja na yule kijana. Kisha aliendelea kutueleza jinsi mwana wa mfalme alivyoanza kumpapasa farasi, shingo, kifua, mabega, huku akijiambia kwamba fundi aliyeweka njia ya kupanda hakukosa kuweka na njia ya kushuka. Akakipata kigingi kingine begani, akakizungusha kidogo tu, akaona mwendo unapungua na ardhi inaanza kurudi.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwa nini kisa cha busati nilikisahau na cha farasi kikabaki. Busati hutii matamanio ya aliyelikalia. Farasi hatii matamanio ya mtu. Hutii jinsi alivyoundwa. Mwana wa mfalme hakuweza kumbembeleza, wala kumwamrisha kwa jina la baba yake, wala kumpa kafara. Aliponyoka kwa kuchunguza na kufikiri, na msomaji alifikiri pamoja naye. Farasi yule ni mashine, na hofu yote ya hadithi ile inatokana na jambo moja la kiufundi, yaani kwamba kupanda na kushuka ni vigingi viwili tofauti. Anayedhani kwamba bunilizi ya kisayansi ni kitu cha Wazungu tulicholetewa juzi amsikilize tena farasi wa mpingo.

Lakini kijana wangu ana akili, na najua atanipinga kwa kusema kwamba hata majini wana kanuni. Ni kweli. Sisi tuliokulia pwani tunajua kwamba jini ana siku yake, ubani wake, rangi ya nguo yake na chakula chake, na mganga akikosea kimoja shughuli nzima huharibika. Kwa hiyo kuwa na kanuni pekee hakutoshi. Tofauti, kwa maoni yangu, iko katika aina ya kanuni yenyewe. Kanuni ya jini ni mapatano baina ya wenye nafsi: jini anaweza kuridhika, kukasirika, kusamehe, kumpenda huyu na kumchukia yule. Sheria ya maumbile haina uso wa kumtazama mtu. Bamvua linapofika, maji hupanda kwa kiasi kilekile katika bandari ya tajiri na katika mlango wa kibanda cha mvuvi, na bahari haimuulizi nahodha ni mtoto wa nani kabla ya kumkwamisha mchangani.

Hilo ndilo jibu langu, na yanayofuata ni kulifafanua tu. Filamu ni ya kisayansi kweli inapoleta kitu kigeni ambacho kina sheria isiyompendelea mtu, sheria inayoweza kuulizwa "kwa nini" na kujibiwa, na kisa kizima kikazaliwa na sheria hiyo. Mhakiki Darko Suvin, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1979, alisema jambo lililo karibu na hili: kwamba hadithi za aina hii husimama juu ya kitu kipya kinachoufanya ulimwengu wetu uonekane mgeni, lakini ugeni huo ukawa wa kueleweka kwa akili. Nakubaliana naye. Mimi nasisitiza tu suala la upendeleo, kwa sababu hapo ndipo filamu nyingi zinapoanguka.

Kuna jaribio ambalo nimekuwa nikilitumia darasani. Chukua filamu, ing'oe sayansi yake, kisha utazame kama kisa bado kimesimama. Filamu ya kwanza ya Star Wars, ya mwaka 1977, ina kijana wa shamba asiyejua asili yake, mzee mwenye siri anayemfundisha upanga, binti wa kifalme aliyetekwa na mtawala mwenye vazi jeusi. Ondoa vyombo vyote vya angani uweke majahazi, panga za mwanga uweke panga za chuma, sayari uweke visiwa, na hakuna machozi wala kicheko kitakachopotea. Yenyewe haifichi jambo hilo, maana hufungua kwa kutuambia kwamba mambo haya yalitokea zamani sana na mbali sana, nasi tukisikia hivyo twajua kwamba imesemwa paukwa na inatupasa kuitikia pakawa. Ni hekaya. Kuiita hekaya si kuitukana, kwani hekaya ni utanzu mkongwe na wenye heshima kuliko bunilizi ya kisayansi, na naitazama filamu ile kwa furaha kila inapoonyeshwa. Ninachokataa ni kuiweka rafu moja na nyingine ambazo zimefanya kazi tofauti kabisa.

Kazi hiyo tofauti nitaionyesha kwa filamu ya Interstellar, ya mwaka 2014. Humo, baba mmoja anawaacha watoto wake duniani, ambako mimea inakufa, kwenda kutafuta makao mengine. Yeye na wenzake wanatua kwenye sayari iliyo karibu mno na shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake, na kwa sababu ya nguvu ya mvutano wa shimo hilo, saa moja pale ni sawa na miaka 7 nyumbani. Walikusudia kukaa dakika chache. Mawimbi yakawachelewesha. Waliporudi kwenye chombo chao kikubwa walimkuta mwenzao ameota mvi: miaka 23 imepita. Baba anakaa mbele ya skrini na kutazama salamu zote alizotumiwa katika muda huo, mtoto wake wa kiume akikua, akioa na kupata mtoto, hadi binti yake anatokea akiwa na umri uleule aliokuwa nao baba siku aliyoondoka. Katika onyesho lile hakuna adui. Hakuna aliyemroga baba huyu wala aliyemwibia. Aliyemchukulia miaka ya watoto wake ni sheria ambayo Albert Einstein aliiandika mwaka 1915, na sheria hiyo ingemtendea hivyo mtu yeyote aliyetua pale kwa muda uleule. Ing'oe, na machozi yake hayana sababu.

Wala sheria hiyo si ya kubuni. Wavuvi wetu wanaotoka na vifaa vya GPS mfukoni wanaitumia kila alfajiri bila kuijua, kwa kuwa saa za setilaiti zinazowaonyesha njia huitangulia saa ya ardhini kwa takriban mikrosekunde 38, yaani sehemu 38 za milioni za sekunde, kila siku, na isiporekebishwa tofauti hiyo mvuvi hataiona tena Ngomeni mahali alipoiacha. Sehemu ya mwisho ya filamu, ndani ya shimo lenyewe, siipendi sana. Pale naona mtunzi ameanza kuliazima busati. Lakini onyesho la baba na skrini nimelionyesha wanafunzi wangu mara nyingi kuliko somo lolote la kitabuni.

Na kwa kuwa nimeitaja Ngomeni, lazima nikae hapo kidogo, maana naona ni aibu kwa mtu wa Malindi kuzungumzia mashimo meusi kana kwamba ni habari ya mbali. Kutoka ufukweni Ngomeni, kaskazini ya hapa, mtu akitazama Ghuba ya Ungwana huona majukwaa ya chuma yamesimama baharini kwa miguu yake. Hapo ndipo Waitaliano, chini ya Luigi Broglio, walipojenga kituo cha San Marco, na kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka baharini kwa roketi aina ya Scout. Mahali hapa palichaguliwa kwa sababu ya sheria ileile isiyopendelea: tuko karibu na ikweta, ambako dunia inazunguka kwa mwendo wa karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupewa msukumo huo bure. Mbele yake ni bahari tupu, hivyo ikianguka haimwangukii mtu.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutazama eksirei zinazotoka angani. Hewa yetu huzizuia eksirei hizo zisitufikie, na kabla ya hapo wanasayansi walikuwa wakituma roketi zinazopaa juu ya hewa kwa dakika chache na kuanguka. Uhuru ilikaa juu zaidi ya miaka 2, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja kati ya hivyo, Cygnus X-1, kilikuwa kikimetameta ndani ya muda usiofika sekunde moja, na hapo pana fikra ambayo kila nikiieleza darasani hunisisimua: kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja upesi kuliko muda ambao mwanga unahitaji kukivuka, kwa hiyo kitu kinachobadilika kwa sehemu ya kumi ya sekunde hakizidi kilomita 30,000 kwa upana. Kitu kidogo namna hiyo, lakini chenye uzito mara nyingi kuliko jua letu! Cygnus X-1 ndicho kitu cha kwanza ambacho wanasayansi wengi walikubali kwamba ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Safari ya kulijua shimo lile la filamuni, kwa hiyo, ilipitia katika maji yetu.

Nilipokwenda Ngomeni mwaka juzi kununua samaki, nilimkuta mzee mmoja anashona nyavu chini ya mkoko, nikampa shikamoo na kumuuliza kama anazikumbuka roketi. Aliniambia kwamba siku ya kurusha walikatazwa kuvua upande wa majukwaa, basi wakakaa ufukweni na wake zao wakitazama. Moto waliuona kwanza, alisema, umenyooka kama mlingoti, na kimya. Kisha, mtu akiwa ameshavuta pumzi mara kadhaa, ndipo mngurumo ukawafikia na kuwatetemesha kifuani. Nikamuuliza, "Ami, hamkudhani ni uchawi?" Akatikisa kichwa bila kuinua macho kwenye nyavu. "Walikuwa wakingoja upepo utulie, kama sisi," akasema. "Mchawi hangoji upepo."

Sijawahi kusoma ufafanuzi ulio bora kuliko huo. Tangu siku ile, ninapotazama filamu yoyote inayojiita ya kisayansi, najiuliza kama humo kuna mtu anayengoja upepo.

Wapo watu, na baadhi yao ni walimu wenzangu, ambao hupima filamu hizi kwa makosa: hapa umesikika mlipuko angani ambako hakuna hewa ya kubeba sauti, hapa kivuli kimeelekea upande usio wake. Mimi pia hufurahi mtunzi anapokuwa mwangalifu. Filamu ya 2001: A Space Odyssey, iliyotoka mwaka 1968, kabla binadamu hajakanyaga mwezi, iliacha anga iwe kimya, tukabaki tukisikia pumzi ya mtu ndani ya vazi lake tu, na kimya hicho kinatisha kuliko mngurumo wowote. Hata hivyo kosa haliiondoi filamu katika utanzu wake. Mwaka 1929 mwongozaji Fritz Lang alitengeneza huko Ujerumani filamu isiyo na sauti kuhusu safari ya kwenda mwezini, akishauriwa na mtaalamu wa roketi Hermann Oberth. Wasafiri wake wanafika upande wa pili wa mwezi na kuvuta hewa kama wako Watamu. Ni kosa kubwa. Lakini roketi yao inajitenga vipande ili kupunguza uzito, mwendo wake unawalemea abiria vifuani, na kabla ya kuondoka wanahesabu kurudi nyuma hadi sifuri, jambo ambalo Lang aliliweka ili watazamaji wapate hamu, na ambalo warusha roketi wenyewe walikuja kulifanya desturi. Filamu ile inangoja upepo, hata kama imekosea ramani.

Upande mwingine ziko filamu ambazo watu huziondoa katika utanzu huu kwa sababu zinatisha. Filamu ya Alien ya mwaka 1979 huwekwa pamoja na mazimwi na mapepo, nami nilikuwa na mawazo hayo hadi asubuhi moja nilipobandua kichuguu cha nyigu wa udongo kwenye fremu ya mlango wangu. Kilikuwa na vyumba vitatu, kila kimoja kipana kama kidole changu cha shahada. Katika cha kwanza mlikuwa na buibui watano waliokunjwa miguu na kupangwa kama samaki kwenye tenga. Nilidhani wamekufa, lakini nilipomgusa mmoja kwa ncha ya kalamu, mguu wake wa nyuma ulisogea. Chini yao palikuwa na funza mweupe, mdogo kuliko punje ya mchele, ameshaanza kula. Nyigu huwachoma buibui wasiweze kwenda wala wasioze, ili mwanawe apate nyama mbichi siku zote za kukua kwake.

Nikaikumbuka ile filamu, na nikaiona upya. Kiumbe chake hakikutumwa na laana wala hakina kisasi na mtu. Kina yai, kina hatua ya kuingia katika mwili wa mwingine, kina kukua na kutoka, na anayekifuata kwa makini anaweza kubashiri kinachokuja. Zaidi ya hayo, kuna kanuni ya karantini inayosema kwamba aliyeguswa na kitu kisichojulikana asiingizwe chomboni, na yule mwanamke, Ripley, anaishikilia kanuni hiyo mlangoni huku mwenzake mahututi yuko nje, na anaonekana hana huruma. Mwingine anafungua mlango. Vifo vyote vinavyofuata vimetoka kwenye mlango huo. Sisi tuliopita katika miezi ya korona hatuhitaji kuelezwa uzito wa onyesho lile.

Gattaca, ya mwaka 1997, nitaitaja kwa ufupi, kwa kuwa inathibitisha lile la harusi bila taa. Haina majitu wala vita; ina ofisi, suti na kijana anayejisugua ngozi kila asubuhi hadi iwe nyekundu, kisha akayachoma yote yaliyobanduka, kwa sababu katika jamii yake unywele mmoja unatosha kusomwa jeni zako na kukunyima kazi. Hiyo ndiyo sayansi yake yote, na inatosha.

Nitakalosema sasa litawaudhi vijana wa nyumbani, lakini niliahidi jibu la kweli. Black Panther ya mwaka 2018 tuliitazama kwa fahari, na fahari hiyo naona ilikuwa ya haki; kuona nchi ya Kiafrika iliyotangulia dunia nzima kwa ufundi ni jambo ambalo watoto wetu walilihitaji. Hata hivyo chuma chake cha ajabu huponya majeraha, huendesha treni, hufuma mavazi na kumeza risasi, na kila hadithi inapohitaji kitu, chuma hicho hukitoa. Ni katika pigano la mwisho tu, kwenye reli ya treni, ambapo nguvu yake inazimwa; kwingineko sikuona kikomo chake. Kitu kisicho na kikomo hakina sheria, na kisicho na sheria ni busati, hata kikisukwa na mikono yetu wenyewe. Swali lake kubwa, la kama nchi yenye neema inaweza kujificha wakati ndugu zake wanateseka, ni swali zito kweli, lakini ni la siasa na la udugu, na lingeulizwa vilevile kama utajiri ule ungekuwa dhahabu.

Ndiyo maana, anaponiuliza mtu kuhusu filamu ya kisayansi ya Kiafrika, namtajia kwanza Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya, iliyotoka mwaka 2009. Ina dakika 20 tu hivi. Baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wakizalisha umeme kwa mazoezi ya miili yao na kusafisha jasho na mkojo wao wenyewe wapate kunywa. Asha, mtunzaji wa jumba la makumbusho, anapokea udongo usiojulikana umetoka kwa nani. Anaupima. Anaona una unyevu, anaupandia mbegu, nayo inachipua. Wakubwa wanakataa kumruhusu atoke, anatoroka, na huko jangwani anaupa mche maji yake ya mwisho na jasho la mwili wake. Kila tone katika filamu ile limehesabiwa; likienda huku, halipo kule. Hakuna anayetamani maji yakaja. Hapo ndipo penye hesabu na hapo ndipo penye uchungu, na vyote viwili ni kitu kimoja.

Ijumaa iliyopita kijana alikuja kudai jibu lake, nikamweleza mengi ya haya tukiwa barazani. Alisikiliza, kisha akasema kwamba anataka yeye mwenyewe atunge filamu, lakini hajui aanzie wapi kwa sababu hapa kwetu hakuna vyombo vya angani. Nikamuuliza kama anakumbuka tulipokwenda Lamu kwa shangazi yetu, jinsi alivyokunywa maji matamu ilhali kisiwa kimezungukwa na bahari pande zote. Maji yale hutoka kwenye visima vya matuta ya mchanga ya Shela ile ya Lamu. Mvua hunyesha juu ya matuta, huchujwa na mchanga, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake chini ya ardhi, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Nikamchorea kwenye daftari. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, nikamwambia, kuna karibu mita 40 nyingine chini ya usawa huo zinazoizuia chumvi. Watu wakichota kupita kiasi, au mtu akiyachimba matuta yale ajenge juu yake, usawa wa juu ukashuka mita moja, chumvi itapanda taratibu, siku kwa siku, hadi imezidai mita 40 zile.

Akaitazama michoro ile kwa muda mrefu, akavuta mstari wa kisima kimoja, kisha cha pili, cha tatu, vyote kwa urefu tofauti.

"Basi havitaonja chumvi siku moja," akasema. "Kile kirefu kitaanza."

"Ndiyo," nikamwambia.

"Na mwenye kisima hicho, Mjomba, asubuhi atakapoonja, atawaambia majirani, au atanyamaza aendelee kuwauzia?"